Koti Lililomwagikiwa Jiki

   

Leo sina habari ya mvua. Sina habari ya bei ya pamba wala ya choroko. Hizo tumeziongea wiki nzima na kesho zitakuwepo tena. Leo nataka tutazame picha. Najua, najua: picha redioni! Mtu mmoja nilipomdokeza akaniuliza kama nimeanza kuzeeka. Lakini nivumilieni. Mimi nitazame, ninyi msikilize, na kila ninapofika nitawaambia nimefika wapi.

Tuanze na mahali ilipo. Hapa Mhunze, Kishapu, kuna fundi cherehani ninayempelekea suruali zangu tangu nilipokuwa bado nafundisha. Kibanda chake ni cha mabati, mbele yake pana mwarobaini mkubwa, na chini ya mwarobaini mke wake hukaanga maandazi. Ukutani, juu ya cherehani, kuna kalenda. Mwaka wa kalenda hiyo ulishapita zamani, watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wanaota ndevu, lakini fundi hajaitoa. Miezi ameichana yote, amebakiza ukurasa mmoja wenye picha. Aliletewa na ndugu yake aliyekuwa akifanya usafi kwenye nyumba za wageni wa mgodini. Mwaka ulipokwisha wenyewe waliitupa, yeye akaiokota.

Miaka yote hiyo nimeingia, nimepimwa kiuno, nimetoka, na picha sikuitazama. Kalenda mnajua ilivyo, ni kama msumari, ipo tu. Mwezi uliopita nikawa nasubiri zipu ibadilishwe, mazungumzo yametuishia, bando limeisha, ndipo macho yakapanda ukutani.

Sasa tega sikio.

Ni gadeni. Tuelewane, sisemi bustani ya mchicha. Nasema gadeni kama tunavyosema sisi: pale penye miti, viti, vinywaji na muziki, pale ambapo mtu akikuambia "tukutane gadeni" humuulizi kama uje na jembe. Watu ni wengi, wamejaa mpaka nyuma kabisa, na kule nyuma nyuso zimegeuka kuwa vidoa tu vya rangi. Mbele, mkono wa kulia, pana meza yenye glasi, na vijana wa kiume wameizunguka. Mmoja ametupa mgongo. Kwenye benchi amekaa binti wa gauni la mistari, na mwenzake ameinama nyuma yake kama anayemletea umbea wa moto. Mkono wa kushoto watu wanacheza dansi wawili wawili, na binti mmoja mwenye gauni la rangi ya waridi ametugeuzia uso kana kwamba ametuona tukiingia. Kuna kofia za majani makavu, za njano. Juu zimening'inia taa nyeupe za mviringo. Na chini kabisa, kona ya kushoto, yumo mtoto mdogo. Hata huko kulikuwa na mtu aliyekuja gadeni na mtoto!

Nikamuuliza fundi, "Mzee, hivi hawa ni akina nani?"

Hakuinua kichwa. Akasema, "Sijui, mwalimu. Ila huyo kijana aliyetupa mgongo nimemwonea huruma miaka yote. Koti zuri vile, limemwagikiwa jiki."

Jiki! Nikasogea. Kweli, wasikilizaji, koti la yule kijana ni la bluu nzito iliyokaribia weusi, na mgongoni lina mabaka ya weupe-weupe, mengine ya zambarau, kama nguo iliyorushiwa dawa na mtu asiyejua kufua. Wala si koti peke yake. Ardhi ina mabaka. Kofia zina mabaka. Fundi ni fundi, macho yake hukimbilia kitambaa kwanza. Na mimi nikakubaliana naye: mchoraji huyu ama alikuwa amelewa, ama brashi zake hazikuoshwa.

Hilo la jiki naomba mlishike. Nitalirudia.

Picha ni ya nani? Chini ya ukurasa pana maandishi madogo, nikayasoma kwa kukunja uso: Renoir. Pierre-Auguste Renoir, Mfaransa, aliyezaliwa mwaka 1841 katika mji wa Limoges na kufariki mwaka 1919. Picha hii aliichora mwaka 1876, Paris, kwenye kilima kiitwacho Montmartre, ambacho siku zile kilikuwa bado kina harufu ya kijiji. Kilimani pale kulikuwa na vinu vya upepo vya kusaga nafaka. Wenye kinu kimoja wakaanza kuuza mkate wa bapa uitwao galette. Baadaye wakaongeza kinywaji. Baadaye tena muziki. Mwishowe watu wakawa hawaji kufuata unga. Je, si ndivyo inavyokuwa? Nani hapa hajaona mashine ya kusaga ambayo pembeni yake pameota kibanda cha soda, na kabla mwaka haujaisha kibanda kimeota spika? Mahali pale paliitwa Moulin de la Galette, tuseme Kinu cha Mkate wa Bapa, na kila Jumapili, kuanzia mchana mpaka usiku, watu walicheza dansi.

Watu gani? Hapo ndipo nilipomwomba fundi asimamishe cherehani kidogo. Wale mabinti waliokuwa wakienda pale ni washona nguo, watengeneza kofia, wauza maua. Ni mabinti wa kazi, wanaoinamia sindano siku 6, na siku ya 7 wanavaa walichojishonea. Na Renoir mwenyewe baba yake alikuwa fundi cherehani, mama yake mshona nguo. Alipofika miaka 13 wakampeleka kiwandani akajifunze kuchora maua kwenye vyombo vya kaure.

Fundi akavua miwani. "Unasema baba yake fundi?"

"Fundi, kama wewe."

Akaitazama picha kana kwamba imeletwa asubuhi ile. Kisha akasema, "Ndiyo maana lile gauni la mistari limekaa begani sawasawa."

Haya, nilisema nitarudi kwenye jiki. Turudi.

Zipu ilipokwisha nilimwomba fundi tuibandue kalenda, tukaenda nayo nje chini ya mwarobaini tuione kwenye mwanga. Ilikuwa saa nane mchana. Jua la Kishapu mnalijua wenyewe, sina haja ya kulisimulia. Fundi ameishika picha kwa mikono miwili, mimi nimeinama natafuta miwani yangu mfukoni, nikainua macho nikamwona, nikaanza kucheka peke yangu. Kwa nini? Kwa sababu shati lake lilikuwa limejaa mabaka! Majani ya mwarobaini hupitisha jua vipande vipande: hapa doa kubwa kama sahani, pale dogo kama shilingi. Upepo ukipita yanahama, yanapanda kifuani, yanashuka mkononi, yanaruka kwenye paji la uso. Nikamwambia, "Mzee, na wewe umemwagikiwa jiki."

Umenielewa, msikilizaji? Yule kijana wa Paris koti lake ni zima. Amekaa chini ya mti, basi. Renoir alichora jua lilivyomwangukia yule kijana kwa dakika ile, kabla upepo haujaligeuza. Narudia kwa aliyewasha redio sasa hivi: tunatazama picha ya watu wanaostarehe gadeni, na yale tuliyodhani ni madoa ya uharibifu ni jua lililopita kwenye majani.

Na kuna jingine, ujaribu leo leo ukimaliza kunisikiliza. Kivuli si cheusi. Tunakiita cheusi kwa mazoea ya mdomo. Nenda ukae chini ya mkwaju, utazame kivuli chako kwenye ardhi kavu. Kina bluu ndani yake, kina zambarau, kina hudhurungi. Kuku mweupe akiingia kivulini, je, anageuka mweusi? Anaingia rangi ya maji-maji, ya bluu ya mbali. Jicho linaliona hilo tangu tukiwa watoto, ila mdomo ulishafundishwa kusema cheusi, na mkono wa mchoraji ukafuata mdomo.

Renoir na wenzake, akina Claude Monet, Camille Pissarro, Alfred Sisley na mama mmoja hodari, Berthe Morisot, wakaamua mkono ufuate jicho. Mwaka 1874 waliandaa maonyesho yao wenyewe, nje ya yale maonyesho makubwa rasmi ya Paris. Mwandishi wa gazeti aitwaye Louis Leroy akaona picha ya Monet ya mapambazuko bandarini, yenye neno impression kwenye jina lake, yaani taswira ya kuona mara moja tu, akawabandika wote jina kwa kejeli: waimpreshonisti, watu wa kuchungulia na kuondoka. Jina la kejeli likaganda, kama majina ya utani yanavyoganda hapa kwetu mpaka yanaingia kwenye kitambulisho. Na mwaka uleule wa 1876, mkosoaji mmoja, Albert Wolff, aliona picha nyingine ya Renoir, ya mwanamke aliyekaa chini ya majani akipigwa na jua kwa vipande, akaandika kwamba mwili ule ni kama nyama inayooza. Mnaona? Bwana mkubwa wa Paris aliona nyama iliyooza, fundi wetu wa Mhunze aliona jiki. Mimi namwona fundi kuwa mkosoaji bora, maana yeye angalau alimhurumia mwenye koti.

Nikatize kidogo, kuna jambo la ufundi ninalolipenda. Zamani kuchora nje ya nyumba kulikuwa na adha. Rangi ilisagwa, ikachanganywa na mafuta, ikatiwa kwenye kibofu cha nguruwe, na ukikitoboa vibaya umepata hasara. Mwaka 1841, mwaka uleule aliozaliwa Renoir, Mmarekani John Goffe Rand alipata hataza ya tyubu ya bati laini, ndugu ya hii ya dawa ya meno. Ghafla mtu akaweza kubeba rangi zake kwenye begi, akapanda kilima, akakaa gadeni. Wakati mwingine tunasema sanaa imebadilika kwa sababu ya fikra kubwa, kumbe ni kwa sababu mtu alitengeneza tyubu.

Sasa swali. Picha hii yenyewe, ile halisi, ina ukubwa gani? Kwenye kalenda ni kama daftari. Ile halisi ina upana wa sentimita 175 na kimo cha sentimita 131. Mnalijua godoro la futi nne kwa sita? Hapo hapo. Godoro zima! Na enzi zile godoro zima walichorewa wafalme, na vita, na manabii. Renoir akawapa godoro zima washona nguo wanaostarehe Jumapili.

Tena kilima kile hakikuwa kilima cha amani. Miaka 5 nyuma, mwaka 1871, Ufaransa ikiwa imeshindwa vita na Wajerumani, watu wa Paris waliasi. Uasi ulianzia hapo hapo Montmartre, na jeshi la serikali lilipourudisha mji liliua watu kwa maelfu. Kwenye picha huoni jeraha wala kitambaa cha msiba. Wapo wanaomlaumu Renoir kwa hilo, wanasema amepaka sukari. Mimi simlaumu sana. Aliyefiwa naye hucheza muziki. Nimekaa kwenye harusi nyingi, nimeona kwamba mara nyingine yeye ndiye wa mwisho kutoka uwanjani.

Hapa nilipofika ndipo nilipokuwa napaendea tangu mwanzo. Fikiria picha unazozijua za watu wa huku kwetu, kuanzia Shinyanga mpaka Geita. Zipi zinakujia? Mchimbaji mwenye tochi kichwani na uso wa vumbi. Mama katikati ya pamba nyeupe. Mchungaji na ng'ombe wake, vumbi nyuma. Zote tunafanya kazi! Ni kweli, tunafanya kazi, hakuna atakayetubishia. Lakini je, hatukai? Mpiga picha akija kutoka mjini akakukuta umekaa chini ya mti na wenzako mnacheza bao, atafanya nini? Atakuomba uinuke ushike jembe. Na sisi wenyewe tumemzoesha. Ngoma yetu ya bugobogobo, fahari yetu, tunaicheza tumeshika nini? Jembe! Msukuma hata akistarehe, anastarehe na ushahidi mkononi.

Nacheka, lakini wazee wetu starehe hawakuifanyia mzaha. Mavuno yakishaingia ghalani, ndipo mbina, ngoma za mashindano, zilipoanza. Bagika upande huu, Bagalu upande ule, kila upande na mchezaji wake na dawa zake, na mshindi ni nani? Ni yule aliyewavuta watu wengi kumtazama. Hakuna jaji mwenye karatasi. Umati unahama uwanjani kama yale mabaka ya jua shatini mwa fundi, unakwenda huku, unarudi kule. Nimewaza sana: picha ya umati ule, ukubwa wa godoro, iko ukuta gani?

Wala asiniambie mtu kwamba kuchora ni mambo ya Ulaya. Bayeye, wale wa chama cha nyoka, walichora kuta za ndani za nyumba zao, michoro ya kuwafundishia wanaoingia chamani. Mwaka 1953 Hans Cory, aliyekuwa akichunguza mila kwa niaba ya serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu kizima juu ya michoro hiyo ya wacheza nyoka wa Tanganyika. Kuta tulikuwa nazo, na mikono ya kuchora tulikuwa nayo. Ila ile ilikuwa michoro ya siri, ya wenye chama. Ya watu waliokaa tu, wanakunywa, wanacheka, hiyo ndiyo naitafuta.

Picha yetu ya kalenda iliishia wapi? Ilinunuliwa na rafiki yake Renoir, Gustave Caillebotte, naye mchoraji, lakini mwenye pesa za urithi. Huyu bwana aliwanunulia wenzake picha wakati ambapo wengi walizicheka, na alipofariki mwaka 1894 akaiachia serikali ya Ufaransa mkusanyiko wake. Kuna nakala nyingine ndogo zaidi ya gadeni hii, nayo mwaka 1990 iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 78, akaichukua tajiri wa Japani. Kwa picha ya watu waliokaa! Nasi wa Kishapu tumewahi kutoa cha kwenda mbali: mwaka 1947 pale Mwadui ilipatikana almasi ya rangi ya waridi, na John Williamson, mwenye mgodi, akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Almasi ikaenda kwenye jumba la mfalme, na kutoka nyumba za mgodini sisi tukaokota kalenda. Haya, na tuitazame basi.

Ile kubwa leo iko Paris, kwenye jumba la makumbusho la Orsay, ambalo zamani lilikuwa stesheni ya treni. Lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986. Na mwaka 1986 hapa kwetu kulianza nini, wazee wangu? HASHI! Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mnakumbuka mkoa ulivyokuwa. Mapori yalifyekwa tangu enzi za mkoloni ili kuwaangamiza mbung'o, yakaja mashamba ya pamba, zikaja kuni na mkaa, na ng'ombe wakamalizia. Watu wakaanza kutuita jangwa. HASHI ilipokuja, kilichosaidia zaidi kilikuwa cha wazee wenyewe, ngitili: kufunga eneo la malisho ili lipumzike, na miti ijiotee. Mnaona nilikotokea? Mabaka ya jua hayapatikani bila jani. Mwaka Wafaransa wanaitafutia gadeni yao ukuta, sisi tulikuwa tunatafuta kivuli chenyewe.

Sasa nirudi kwa fundi, maana nilimwacha amesimama na kalenda mkononi.

Mke wake, ambaye muda wote huo alikuwa anageuza maandazi na kutusikiliza kwa sikio moja, akasema, "Hebu nami nione." Hakuishika, mikono ilikuwa na unga. Fundi akamnyooshea. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko sisi wote wawili. Kisha akauliza swali moja:

"Anayewahudumia yuko wapi?"

Tukatafuta. Wasikilizaji, tulitafuta kweli, nilivaa na miwani. Glasi zipo mezani, nani amezileta? Jioni nani ataziosha? Kwenye ukurasa ule wa kalenda hatukumwona. Fundi alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeitazama picha kwa muda, nimewaeleza wenzangu jua na kivuli na godoro, na swali hilo halikunijia. Ninyi mnaokwenda gadeni leo jioni, yule dada anayewaletea soda na mishikaki, mmewahi kumwona amekaa?

Kuna Mfaransa aliyelifikia swali la mama. Édouard Manet, mwaka 1882, alimchora mhudumu wa baa ya ukumbi wa Folies-Bergère. Picha hiyo iko London, jumba la Courtauld. Dada amesimama nyuma ya kaunta, chupa mbele yake, na watu wote wa starehe wako kwenye kioo mgongoni pake. Wanaonekana wadogo. Yeye ndiye mkubwa, na macho yake hayako pale.

Nikamsimulia mama hiyo. Halafu nikamkumbuka wa nyumbani, nikamsimulia na ya pili. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere, akaenda London kwenye chuo cha Slade, na Tanganyika ilipopata uhuru akarudi London hiyo hiyo kuwa balozi wetu. Mwaka 1956 Ntiro alichora picha ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi, usiku. Mwaka 1960 jumba la sanaa ya kisasa la New York likaichukua. Ntiro si mwimpreshonisti, hakuhangaika na mabaka ya jua, na hiyo ni picha ya usiku. Watu wake ni wa maumbo mepesi, ya kijijini. Lakini oneni alichofanya: sherehe ameikamata ikiwa bado njiani, kabla ya mtu yeyote kukaa. Renoir alichora waliofika na kuketi. Ntiro akachora wabebaji.

Mama akanikazia macho. "Wanaume ndio wamebeba?"

"Ndio wamebeba."

"Hiyo nataka kuiona." Akageuza andazi. "Na aliyeipika?"

Mwalimu mzima nikakosa jibu.

Kabla sijaondoka fundi akasema na sisi tupige picha yetu, gadeni ya mwarobaini. Akatoa benchi. Akaingia ndani, akatoka amevaa koti la mteja, la bluu nzito, bado halijatiwa vifungo. Mwenye koti, kama unanisikiliza, lilirudi salama. Akakaa ametupa mgongo, shingo ameigeuza kidogo, kama yule kijana wa kwenye kalenda. Jua likamwagika mgongoni, madoa kama saba hivi.

Nikasema, "Mama, kaa nawe."

"Nikikaa yataungua."

"Dakika moja tu."

Akafuta mikono kwenye kanga, akavuta kigoda, akakaa pembeni ya mumewe. Nikainua simu. Nikahesabu moja, mbili, na kwenye mbili mafuta yakalia, mama akainuka.

Nimeisafisha picha hiyo Shinyanga mjini, nikampelekea fundi, ameibandika kando ya kalenda. Koti limetoka vizuri sana. Mama hakutoka uso wala mkono: ni rangi tu ya kanga, njano na bluu, inayoelekea kwenye karai.

Kijana wa mitambo ananinyooshea kidole, muda umekwisha.